Mahindi ya Zambarau: Kinywaji Kizuri, Lakini Vidonge Visiachwe



Somo la robo hii limetokana na swali. Katika semina ya afya ya jamii tuliyofanya na kamati za Diakonia, mgeni wetu kutoka usharika rafiki wa Ulaya, aliyewahi kufanya kazi nchini Peru kwa miaka kadhaa, alituletea pakiti ya mahindi makavu ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Aliyachemsha jikoni mbele yetu pamoja na magunzi yake, akatia maganda ya nanasi na mdalasini, akachuja, akatugawia kila mtu glasi yake. Kilikuwa kitamu. Akatueleza kwamba kule Peru watu wengi husema kinywaji hiki kinashusha presha.

Hapo mama mmoja, mzee wa kanisa, alinyoosha mkono: "Mratibu, mtu akinywa hiki kila siku, anaweza kuvipumzisha vidonge?"

Watu walicheka. Wakati wa chai alinijia faraghani akaniambia kwamba yeye ameshavipumzisha vyake, yapata wiki tatu, kwa sababu jirani amemletea unga wa mizizi na kumhakikishia kwamba utamtosha. Muuguzi aliyekuwa nasi alimpima papo hapo. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Yeye mwenyewe alikuwa hajisikii vibaya hata kidogo, na alishangaa kuona tunatafuta gari la kumpeleka kituo cha afya badala ya kuendelea na ratiba.

Basi nimeona vema tukichambue kinywaji hiki kwa utulivu. Si kwa sababu kimeenea kwetu, la. Ni kwa sababu kila mwaka sharika zetu huletewa kitu kipya cha kunywa kinachosemwa kutibu, na hiki cha Peru ni mfano mzuri wa kujifunzia: kina ukweli ndani yake, na ukweli huo una mipaka.

KINATOKA WAPI?

Wenyewe wanakiita "chicha morada", yaani chicha ya zambarau. Ndugu zetu wa pwani wasicheke. Hii si chicha ya nazi inayobaki baada ya kukamua tui. Katika nchi za Amerika ya Kusini neno hilo ni jina la vinywaji vya namna nyingi, na vingi kati yake hutokana na mahindi. Ipo chicha ya kimea, ambayo mahindi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kuachwa yachachuke mpaka iwe pombe, kama akina mama wetu wanavyojua kufanya kwa ulezi na mtama. Hii ya zambarau haichachushwi. Ni maji ya mahindi yaliyochemshwa, na watoto hunywa pamoja na wakubwa.

Mahindi yenyewe ni ya aina ya kale ya milima ya Andes, na watu wa huko walikuwa wakiyalima kabla Wahispania hawajafika Peru mwaka 1532. Leo hulimwa katika nyanda za juu kama Cajamarca na Ayacucho, na pia katika mabonde yenye umwagiliaji karibu na pwani. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo imetoa mbegu zilizoboreshwa, mojawapo ikiitwa INIA 601, zilizochaguliwa ili rangi ikolee kwenye punje na kwenye gunzi. Wakulima wao hawalipwi kwa uzito tu. Gunzi lililofifia rangi linashuka bei.

Nchi jirani wana mapishi yao. Huko Bolivia hutengeneza uji mwepesi wa moto wa mahindi haya na kuunywa asubuhi kwenye baridi ya milimani, pamoja na maandazi yao. Huko Ecuador hupika kinywaji kizito cha unga wa mahindi ya rangi hiyo na matunda ya porini, hasa kwa siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba. Na mjini Lima, mwezi Oktoba ndio mwezi wa zambarau. Watu huvaa mavazi ya rangi hiyo na kufuata maandamano ya picha ya Kristo msalabani, ambayo kwa mapokeo yao ilichorwa ukutani mwaka 1651 na mtumwa Mwafrika kutoka Angola. Ukuta ule ulibaki umesimama katika tetemeko la mwaka 1655 wakati majengo ya jirani yalipoanguka. Katika mwezi huo familia hupika pudini laini ya mahindi ya zambarau na kula pamoja. Sisi tunaotandika nguo ya zambarau altareni wakati wa Kwaresima tunaweza kuelewa namna rangi inavyoweza kubeba kumbukumbu ya watu.

Tukumbuke pia kwamba mahindi yote, hata haya meupe tunayosonga ugali, asili yake ni bara hilo la Amerika. Jina letu "mahindi" linaelekea India, lakini zao lenyewe lilivuka Atlantiki, na ni katika zama za Wareno ndipo lilipofika kwetu. Kwa hiyo si mgeni kabisa huyu. Ni ndugu wa mbali wa chakula chetu cha kila siku.

JINSI KINAVYOPIKWA

Kwa kilo 1 ya mahindi makavu, punje pamoja na magunzi, watu hutumia maji ya kutosha kupata lita 4 hivi baada ya kuchemka. Huongeza maganda ya nanasi moja lililooshwa vizuri, kijiti cha mdalasini, karafuu chache, na pengine tufaha lililokatwakatwa. Huchemshwa kwa nusu saa au zaidi kidogo, mpaka maji yawe na rangi ya divai nzito. Huchujwa, huachwa yapoe, ndipo hukamuliwa ndimu na kutiwa sukari.

Magunzi hayatupwi, na hapo pana hekima. Sisi tumezoea kuona gunzi kama kuni. Katika mahindi haya, wataalamu waliopima wamekuta kwamba rangi imejaa sana kwenye gunzi, na kwa uzito ule ule mara nyingi hushinda punje. Bibi wa Peru aliyekuwa akitupia magunzi sufuriani hakuhitaji maabara kujua hilo. Aliona maji yanavyokolea.

Ndimu nayo ina kazi zaidi ya ladha. Wanakamati waliokuwepo waliona: tone la kwanza lilipoingia, zambarau iligeuka kuwa nyekundu inayong'aa. Rangi hii hubadilika kwa uchachu. Ukitia tindikali inakuwa nyekundu, ukitia magadi inaelekea bluu. Mwalimu wa sayansi wa sekondari anaweza kulifundisha hilo kwa kutumia maua ya choya, bila kusubiri mahindi ya Peru.

RANGI HIYO NI KITU GANI?

Rangi ya mahindi haya hutokana na kundi la viini vya mimea viitwavyo anthosianini. Ndivyo vilivyomo kwenye zambarau za mtini, kwenye ganda la biringanya, kwenye choya na kwenye zabibu nyeusi. Mmea hujitengenezea viini hivi kwa faida yake wenyewe, ikiwemo kujikinga na jua kali na baridi. Vikiwa kwenye maabara, vina uwezo wa kuzuia aina fulani ya uharibifu katika chembe hai, uharibifu ambao katika mwili wa binadamu unahusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari na saratani.

Neno la kuangalia hapo ni "kwenye maabara". Kinachotokea kwenye chupa ya kioo hakitokei vile vile tumboni. Tukinywa, ni sehemu ndogo tu ya anthosianini inayofyonzwa na kuingia kwenye damu ikiwa nzima. Sehemu kubwa huvunjwavunjwa, nyingi na bakteria wa utumbo mpana, na vipande hivyo ndivyo ambavyo watafiti wanaendelea kuvichunguza kama vina kazi mwilini. Kuchemsha kwa muda mrefu mno na kuweka kinywaji siku nyingi kwenye mwanga nako hupunguza rangi na viini vyake.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2003. Panya walipewa chakula chenye mafuta mengi kwa wiki 12. Waliokula chakula hicho peke yake walinenepa na sukari yao ya damu ikapanda. Wenzao waliolishwa chakula hicho hicho kikiwa kimechanganywa na rangi ya mahindi ya zambarau hawakunenepa vile, na sukari yao ilikuwa nafuu. Tafiti nyingine za panya ziliangalia presha, moyo, na saratani ya utumbo mpana, na nazo zilitoa dalili njema.

Ni habari za kutia moyo, na sina sababu ya kuzidharau. Lakini tuzisome tulivyofundishwa kusoma taarifa ya mradi, kwa kuuliza: nani alipimwa, alipewa nini, kwa muda gani? Waliopimwa walikuwa panya. Walichopewa ni rangi iliyokamuliwa na kukolezwa, si glasi ya kinywaji cha nyumbani chenye sukari. Majaribio kwa binadamu juu ya mahindi haya yapo, ila ni machache, yenye watu wachache na ya muda mfupi. Kutoka hapo mpaka kumwambia mgonjwa "acha vidonge" ni safari ndefu, na wanaouza unga huivuka kwa sentensi moja.

Sisi tulio katika Kanisa hili hatujasahau mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti. Wapo waliokwenda na matumaini ya mwisho waliyokuwa nayo, na sitawahukumu. Ila wahudumu wa afya wa sharika zetu wanakumbuka kazi iliyofuata, ya kuwasihi wenye virusi vya UKIMWI na wenye kisukari warudi kwenye dawa zao.

SUKARI NDIYO INAYOKIHARIBU

Hapa naomba wanakamati wachukue kalamu, maana ndipo penye somo kubwa kuliko yote.

Katika mapishi ya kawaida, sufuria ya lita 4 inaweza kutiwa vikombe 2 vya sukari. Kikombe kimoja ni kama gramu 200, kwa hiyo hapo pana gramu 400. Gawanya kwa lita 4: gramu 100 kwa lita. Glasi moja ya robo lita ina gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula chote cha siku, na likaongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kungeleta faida zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 5 ni kama gramu hizo hizo 25. Basi glasi moja imemaliza posho ya siku nzima, na hapo hajanywa chai.

Mtu mwenye kisukari akinywa glasi tatu kwa siku kwa imani kwamba anajitibu, anajiongezea mzigo ule ule anaotaka kuutua.

Na huo ni ule wa kupika nyumbani. Zipo pakiti za unga wa kukoroga na chupa za dukani ambazo sehemu kubwa ya kilichomo ni sukari, tindikali na rangi, huku mahindi yenyewe yakiwa kidogo mno. Watu wa Peru wamelitambua tatizo la vyakula vya viwandani. Walitunga sheria ya lishe bora mwaka 2013, na tangu mwaka 2019 vyakula na vinywaji vya viwandani vinavyozidisha sukari, chumvi au mafuta mabaya hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane yenye onyo la maandishi makubwa. Mama asiyejua kusoma vizuri anaiona ile pembe nane na kuelewa. Mimi naona ni jambo la kuigwa, hata kwenye matangazo ya vinywaji vinavyouzwa kwenye minada yetu ya mavuno.

Dawa ya hilo ni rahisi. Pika bila sukari, acha nanasi na mdalasini vifanye kazi yake, na anayetaka utamu aweke mwenyewe kijiko kimoja kwenye glasi. Siku ya kwanza watoto watakunja uso. Baada ya wiki wamezoea.

JE, TUYALIME?

Swali hili liliulizwa na kamati tatu, na najua wengine wenu mmeshaanza kupiga hesabu za mradi. Mgeni wetu alibakiza punje chache kwenye pakiti, na kuna mzee aliyeziomba "za kujaribia". Tulimkatalia, naye hakupendezwa. Naomba nieleze sababu.

Kwanza, mbegu kutoka nchi za nje haiingizwi mfukoni. Ipo sheria ya afya ya mimea, na ina maana yake, kwa kuwa ugonjwa au mdudu mmoja aliyejificha kwenye punje anaweza kuwagharimu wakulima wa wilaya nzima. Anayetaka kwa dhati apite kwa afisa kilimo na kwenye taasisi za utafiti.

Pili, mahindi huchavushwa kwa upepo. Chavua ikitoka kwenye mbelewele za shamba moja husafiri mpaka kwenye ndevu za mahindi ya jirani. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu hutenga mashamba yao kwa mamia ya mita. Mtu akipanda zambarau kwenye robo eka katikati ya mashamba meupe, jirani atavuna punje za madoadoa ambazo mnunuzi sokoni atazikataa, na mwenye zambarau naye atapoteza rangi kadiri misimu inavyokwenda. Huo ni ugomvi wa mpaka ambao baraza la wazee litaletewa Jumatatu asubuhi.

Tatu, soko. Peru huuza mahindi haya nje ya nchi, lakini wao wana wanunuzi wa ndani ambao wamekunywa chicha hii tangu utoto. Sisi mnunuzi wetu ni nani? Kikundi kikikosa jibu la swali hilo, hata mfadhili mwenye moyo mwema hatakisaidia.

Nne, na hili linahusu mahindi ya rangi yoyote: yakianikwa vibaya huota ukungu, na ukungu fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Kinywaji kinachotumia punje na gunzi lake kinahitaji mahindi yaliyokaushwa vizuri, yaliyochambuliwa, yasiyo na punje zilizooza wala kuvunda. Kikundi kinachotengeneza togwa au uji wa lishe kisome aya hii mara mbili.

TULICHO NACHO: CHOYA

Waliosoma mpaka hapa wanaweza kudhani nimekuja kuwavunja moyo. Hapana. Rangi ile ile iliyotupendeza kwenye mahindi ya Peru, au tuseme ndugu zake wa karibu, tunayo kwenye choya, ambayo wengine mnaiita rozela. Inaota vizuri hata penye mvua haba, mbegu yake tunayo, na akina mama wengi wanajua kuianika. Tena kwa presha, choya imepimwa kwa binadamu vizuri kuliko mahindi ya zambarau.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 65 waliokuwa na presha iliyopanda kiasi, ambao hawakuwa wakitumia dawa za presha. Kundi moja lilikunywa chai ya choya vikombe 3 kila siku kwa wiki 6, kundi jingine likapewa kinywaji cha kufanana nacho kwa rangi na ladha. Kwa wanywaji wa choya, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2, kwa wengine ilishuka 1.3.

Tuitafakari namba hiyo pamoja na ile ya mama yetu. Yeye alikuwa na 190. Tukimpunguzia 7 anabaki na 183, ambayo bado ni hatari ya kiharusi. Kwa mtu mwenye 135 anayeanza kuingia kwenye tatizo, 7 ni msaada wa kweli, hasa akipunguza chumvi na kutembea kila siku. Kinywaji kimoja, watu wawili, maana mbili tofauti. Kwa sababu hiyo hatuwezi kutangaza kutoka mimbarini kwamba choya "inatibu presha", wala hatuna haja ya kusema haina kazi.

Anayetumia vidonge na anapenda choya amwambie daktari au muuguzi wake, kwa kuwa vitu viwili vinavyoshusha presha vikikutana vinahitaji kuangaliwa. Wajawazito nao waulize kliniki kwanza kabla ya kuitumia kwa wingi.

TULIMJIBUJE YULE MAMA?

Hatukumkemea. Muuguzi alikaa naye, akamweleza kwamba vidonge vya presha havifanani na vya malaria, ambavyo unamaliza dozi ukapona. Hivi hushikilia presha isipande, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo; akiuachia, upepo bado upo. Kisha akamwuliza kwa nini aliviacha. Jibu halikuwa imani katika mizizi. Nauli ya kwenda kituo cha afya na kurudi ilikuwa imempiga chenga miezi miwili mfululizo, na mara moja alifika akaambiwa dawa zimekwisha. Jirani na unga wake alikuwa karibu, hakudai nauli, na alimsikiliza.

Kwa kweli jibu hilo limenikaa moyoni kuliko yote niliyosoma kuhusu anthosianini. Tangu wakati huo usharika wake umepanga siku moja ya mwezi ambapo kijana mwenye pikipiki anakwenda na kadi za wagonjwa wanaoruhusiwa kuchukuliwa dawa, na anarudi na vidonge vyao. Mafuta yanalipwa na mfuko wa Diakonia. Mashine ya kupimia presha inakaa ofisini kwa mwinjilisti, na watu hupimwa baada ya ibada ya pili. Mara ya mwisho nilipoonana na mama huyu alikuwa na 142 kwa 88. Alinikaribisha choya ya baridi bila sukari, na pakiti ya vidonge ilikuwa juu ya meza, kando ya jagi.

MASWALI KWA AJILI YA KAMATI

1. Katika mtaa wenu, ni watu wangapi mnaowajua wameacha dawa za presha au kisukari mwaka huu? Waliziacha kwa sababu gani: fedha, umbali, dawa kukosekana, au ahadi ya dawa nyingine?

2. Mtu akiomba nafasi ya kuuza unga au kinywaji cha afya baada ya ibada, nani katika usharika wenu ana mamlaka ya kumwuliza kilichomo, na ya kumkatalia?

3. Pimeni sukari mnayotia kwenye sufuria ya chai au sharubati ya mikutano yenu. Gawanyeni kwa idadi ya vikombe. Mmepata vijiko vingapi kwa kila mtu?

4. Nani anaweza kujitolea pikipiki siku moja kwa mwezi, na mafuta yatatoka wapi? Leteni majibu ya swali hili kwa maandishi kwenye kikao cha robo ijayo.